Sherehe ya tarehe 1 Desemba: nani apande jukwaani?

Safu ya wasomaji: Mama Muuguzi anajibu barua zenu

Kila Desemba inapokaribia, barua zinazonifikia hubadilika. Maswali ya presha na usingizi hupungua, na wanaoandaa sherehe za Siku ya UKIMWI Duniani huanza kuuliza. Mwezi huu nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna mtu anayeweza kuumizwa na watu wenye nia njema.

*Shikamoo Mama Muuguzi. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana, na mwaka huu tumepewa kazi ya kuandaa sherehe ya tarehe 1 Desemba mtaani kwetu. Tutakuwa na muziki, igizo, mpira wa miguu na hema la kupima. Kamati imegawanyika kwa mambo mawili. La kwanza: mwenzetu mmoja anaishi na VVU, na tunaojua ni watatu tu. Mwenyekiti, ambaye ni mmoja wa hao watatu, anataka mwenzetu apande jukwaani atoe ushuhuda. Anasema bila ushuhuda watu watacheza muziki na kurudi nyumbani kama walivyokuja. Mwenzetu hakukataa wala hakukubali, anatazama chini tu. La pili: wazazi wawili waliozika watoto wao wanasema kupiga muziki siku hiyo ni dharau. Tufanye nini? — Katibu mwenye mawazo*

Marahaba mwanangu. Nianze na huyo anayetazama chini, maana sherehe inaweza kuahirishwa, lakini siri ya mtu ikishatoka haina kurudi.

Huyo ameshawajibu. Katika miaka yangu ya ushauri nasaha nimewaona wengi waliojiweka wazi kwa hiari, na karibu wote walikuwa na maswali mengi kabla ya siku yenyewe. Nitapewa dakika ngapi? Nani atakuwepo? Watu watapiga picha? Nimwambie kwanza nani nyumbani? Aliye tayari huuliza. Anayeinamisha uso mbele ya wenzake anatafuta njia ya kukataa bila kuwaudhi. Kwa hiyo mwendee akiwa peke yake, umwambie kwamba jina lake halimo kwenye ratiba na hakuna atakayemdai maelezo. Kisha nenda kwa mwenyekiti, naye akiwa peke yake, umkumbushe kwamba aliaminiwa siri na hana ruhusa ya kuitumia, hata kwa jambo jema.

Akisema unakuza mambo, msimulie habari za Gugu Dlamini. Alikuwa mwanamke wa Afrika Kusini aliyejitangaza hadharani kwamba anaishi na VVU, wakati wa maadhimisho ya siku hiihii ya UKIMWI Duniani mwaka 1998. Mwezi huohuo wa Desemba alishambuliwa na watu wa eneo alilokuwa akiishi, akafa. Alisema kwa ujasiri, lakini waliomzunguka walikuwa hawajaandaliwa kumsikia. Ndiyo maana namwogopa mwandaaji wa sherehe anayehesabu machozi ya watazamaji na hajapanga nani atamsindikiza msemaji nyumbani jioni.

Lakini tazama walichofanya wanaharakati baada ya hapo. Kundi la Treatment Action Campaign, lililoanzishwa nchini humo Desemba hiyohiyo ya 1998, lilitengeneza fulana zenye maandishi makubwa kifuani yanayosema mvaaji ana VVU. Wenye virusi walizivaa, na wasio na virusi walizivaa pia. Ukikutana na kundi zima barabarani huwezi kujua nani ni nani, na ukitaka kumtenga mmoja itakubidi uwatenge wote. Mwaka 2002 Nelson Mandela alivaa fulana hiyo alipotembelea kliniki ya Khayelitsha. Mzigo uliokuwa juu ya kifua cha mtu mmoja ukagawanywa kwa mamia ya watu. Hilo ndilo ningependa sherehe yenu ilifanye, kwa namna mtakayoiona inafaa kwenu.

Mwenyekiti wako ana hoja moja ya kweli: habari ya mtu huwagusa watu kuliko takwimu. Basi mpeni habari za watu pasipo kumweka mtu jukwaani. Wiki tatu kabla ya sherehe, mwombeni mhudumu wa kliniki au kiongozi wa kikundi cha watu wanaoishi na VVU akusanye barua fupi zisizo na majina wala alama za kumtambulisha mwandishi. Kila barua iwe nusu ukurasa: siku nilipopewa majibu, mtu wa kwanza niliyemwambia, neno lililoniumiza, mtu aliyebaki nami. Barua hizo zisomwe na watu mbalimbali. Mwenyekiti asome moja, mgeni rasmi asome moja, mwalimu moja, nahodha wa timu moja. Wote waseme "mimi", kama ilivyoandikwa. Nimewahi kusikiliza usomaji wa namna hiyo. Mgeni rasmi, mwanamume aliyezoea kusoma risala kwa sauti ya amri, alifika kwenye mstari uliosema "mama aliniwekea kikombe changu peke yangu" akanyamaza, akashindwa kuendelea kwa muda. Uwanja mzima ulimsubiri. Mwandishi wa barua alikuwa palepale katikati ya watu, na hakuna aliyemgeukia.

Na mwenzenu je? Mpeni kazi anayoiweza, si kazi ya ugonjwa wake. Kama ni hodari wa hesabu, ashike bajeti. Kama ana sauti, awe mshereheshaji. Kauli ya kwamba watu wanaoishi na VVU wawe waamuzi katika mambo yanayowahusu haikutungwa na maofisa. Ilitoka kwa wagonjwa wenyewe waliokutana Denver, Marekani, mwaka 1983, wakati hapakuwa na dawa yoyote. Mmoja wao alikuwa muuguzi mwenzangu, Bobbi Campbell, ambaye mwaka 1981 alibandika picha za madoa ya miguu yake kwenye dirisha la duka la dawa huko San Francisco ili wengine wajue dalili. Walikataa kuitwa wahanga, na wakadai viti kwenye meza za maamuzi. Mwaka 1994 serikali 42 zilizokutana Paris zikaafiki msingi huo. Kwa hiyo mkialika kikundi cha watu wanaoishi na VVU, waalikeni kwenye kikao cha kwanza cha kamati, wakati ratiba bado ni karatasi tupu. Kuwaita asubuhi ya sherehe waje kuketi kwenye viti vya mbele ni kuwafanya mapambo.

Akitokea mtu mzima, kwa hiari yake, anayetaka kusema hadharani, msimzuie, ila mwandaeni. Wa nyumbani kwake wasisikie kwa mara ya kwanza kwenye kipaza sauti. Mkubaliane naye kabla ni maswali gani hatajibu, swali la "uliupataje?" mshereheshaji alizuie yeye mwenyewe, asimwachie msemaji. Tangazeni kwamba hakuna kurekodi, na muwe na watu wa kulisimamia hilo, maana siku hizi simu moja inatosha kuupeleka uso wake kwa watu asiowajua milele. Na mtu mmoja ampigie simu kesho yake, na wiki inayofuata.

Sasa muziki. Wazazi hao wawili wana haki ya kusikilizwa, na nakuomba uende kwao wewe mwenyewe, usitume ujumbe. Kabla hata ya kuwepo Siku ya UKIMWI Duniani, ambayo iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1988, watu walikuwa tayari wanawakumbuka wapendwa wao waliokufa. Mwezi Mei 1983 watu wenye ugonjwa huu walitembea usiku San Francisco wakiwa na mishumaa, na tangu hapo kumbukumbu ya mishumaa hufanyika kila Mei katika nchi nyingi. Tarehe 11 Oktoba 1987 huko Washington lilitandikwa uwanjani shuka kubwa la vipande 1,920, kila kipande kikiwa na ukubwa unaokaribia wa kaburi, kimeshonwa kwa jina la mtu aliyekufa. Ukitazama picha za vipande hivyo unaona suruali za jinzi, midoli, viatu vya kuchezea dansi. Walioshona walikuwa wakilia, lakini walishona kile ambacho marehemu alikipenda.

Ndiyo maana mimi sioni muziki kuwa dharau. Uganda ina mfano ulio karibu zaidi nasi. Mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza mwaka 1989 kwamba ana UKIMWI, akatumia miezi aliyobakiza kuzunguka shuleni na makanisani akiimba na kusema, akafariki Desemba mwaka huohuo. Wapo waliodhani anadanganya ili auze kanda zake. Siku hizi kila Oktoba 17 ni siku ya kumkumbuka huko kwao. Mtu yule alitumia muziki kuomboleza nafsi yake mwenyewe.

Waulizeni wazazi hao wawili: mtoto wenu alipenda wimbo gani? Anzeni na saa ya kumbukumbu, mapema jioni, majina yasomwe na wale ambao familia zao zimeridhia, mishumaa iwashwe, pawe na ukimya. Kisha wimbo wa kwanza kupigwa uwe ule waliouchagua wao. Wakikataa hata hivyo, basi wakae kwenye saa ya kumbukumbu na kuondoka kwa heshima kabla ya ngoma kuanza. Msiwashinikize.

Na mpira usiuone kama kijazio cha ratiba. Woga wa mtu anayeishi na VVU hauondoki kwa kuhutubiwa. Hupungua watu wanapokaa pamoja, wakashindana, wakacheka, wakanywea maji chupa moja. Changanyeni timu. Msizipange kwa mitaa wala kwa vikundi. Jasho haliambukizi, kukumbatiana baada ya bao hakuambukizi, wala sahani ya pamoja, wala choo, wala mbu. Akichubuka mtu, refa amtoe nje, jeraha lisafishwe na kufungwa, arudi kucheza. Ni utaratibu wa kawaida kwa mchezaji yeyote.

*Mama Muuguzi, nakusalimu. Mimi ni mwanamume, natumia dawa mwaka wa sita sasa, na vipimo vyangu vinasema virusi havigunduliki. Mke wangu hana maambukizi na anajua hali yangu. Mwaka jana tulikwenda pamoja kwenye sherehe ya uhamasishaji. Mshereheshaji alikuwa akipaza sauti: "UKIMWI unaua! Jihadharini nao!" Kulikuwa na igizo ambamo mwenye virusi alikuwa malaya na mwishoni alikufa. Watu walicheka. Mke wangu alinishika mkono tukaondoka. Mwaka huu ananiambia twende tena. Kuna haja? — Msomaji wa siku nyingi*

Ndugu yangu, nakusalimu na mkeo, na nimeisoma barua yako mara kadhaa. Mshereheshaji yule aliwaambia watu jambo la miaka ya themanini.

Kwa faida ya wasomaji wengine: mtu anayemeza dawa za kufubaza virusi kila siku, na kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha havigunduliki, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Simaanishi hatari ni ndogo. Haipo. Mwaka 2011 utafiti ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kunapunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Kisha ukaja utafiti wa PARTNER, uliofuatilia Ulaya wapenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, wasiotumia kondomu. Matokeo yake yalitolewa 2016 na 2019, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake ambaye virusi vyake vimefubazwa. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023: virusi visipogundulika, hatari ya kumwambukiza mwenzi kwa ngono ni sifuri. Sharti ni dawa bila kukatisha, na kupima kama ulivyoelekezwa na kliniki. Kondomu bado ina kazi yake dhidi ya magonjwa mengine ya zinaa na mimba isiyopangwa.

Na dawa hizohizo, mama mjamzito akizitumia vizuri, zinashusha uwezekano wa mtoto kuambukizwa hadi chini ya asilimia 5. Bila hatua yoyote ni kati ya asilimia 15 na 45. Duniani wanaoishi na VVU ni karibu milioni 40, na zaidi ya milioni 30 kati yao wako kwenye dawa. Wanalea watoto, wanafundisha, wanaendesha magari, wanazeeka. Wanazeeka! Nilipoanza uuguzi sikutegemea kumwandikia mgonjwa wa VVU miwani ya kusomea.

Sherehe inayoficha habari hii na kuchagua fuvu la kichwa kwenye bango inafanya kazi mbili mbaya kwa wakati mmoja. Inamfanya asiyepima aogope kupima, maana nani akimbilie majibu ya kifo? Na inamfanya jirani akuone wewe kama bomu. Igizo la namna ile linafundisha kwamba ugonjwa ni adhabu ya tabia, na watazamaji wakicheka wanakuwa wamejiweka upande wa wasafi.

Twende kwenye swali lako. Huna deni kwa mtu yeyote. Ukibaki nyumbani hujasaliti jambo lolote. Lakini naona mkeo ana sababu ya kukuambia mwende, na ningependa umuulize ni ipi. Huenda amechoka kuondoka. Kama mna moyo wa kufanya jambo kabla ya siku yenyewe, nendeni kwa waandaaji kama raia wawili tu, bila kueleza hali ya mtu, muombe kuliona igizo wakati wa mazoezi. Ulizeni kama ndani yake kuna mhusika anayetumia dawa na kuishi. Ulizeni kama mshereheshaji ana ujumbe ulioandikwa na kupitiwa na mhudumu wa afya. Mara nyingi waandaaji hawana ubaya, wamerithi tu maneno ya zamani, na wakiambiwa mapema hubadilisha. Wakiwajibu kwa kejeli, mmeshapata jibu la kama muende au msiende.

*Habari za kazi Mama. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Kila sherehe tunaweka hema la kupima VVU lenye bango kubwa jekundu karibu na jukwaa ili lionekane. Watu wanajaa uwanjani lakini hemani wanaingia wachache sana. Tunakosea wapi? — Mpimaji*

Mpimaji, simama jukwaani ulitazame hilo hema. Kila anayeingia anaonekana na uwanja mzima, na kila anayetoka anasomwa uso. Akikaa ndani dakika tano, wanasema ni mzima; akikaa ishirini, habari imeshafika kwao. Mimi mwenyewe nisingeingia.

Lisogezeni pembeni, liwe na mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea upande wa pili. Toeni huduma nyingi chini ya paa moja: shinikizo la damu, sukari, uzito, ushauri wa uzazi wa mpango, na VVU iwe moja kati ya hizo. Foleni iwe moja. Kila anayeingia akae kwa mshauri muda unaolingana, hata aliyekuja kupima presha tu, ili muda usiseme lolote. Waliosita wapewe vipimo vya kujipima wakapimie nyumbani, pamoja na maelezo kwamba kikionyesha maambukizi lazima kithibitishwe kituoni. Na waambieni wazi kuhusu kipindi ambacho kipimo bado hakiwezi kuona: mwili wa mtu aliyeambukizwa wiki iliyopita huenda haujatengeneza kingamwili za kutosha, wengi huzitengeneza ndani ya siku 28, kwa hiyo atahitaji kurudi. Aliyekuwa hatarini ndani ya saa 72 zilizopita msimwache aende na majibu hasi mkononi. Apelekwe siku hiyohiyo akapate dawa za kinga.

Jambo moja nalikataa kabisa: zawadi kwa "aliyepima na yuko salama", au kuwapandisha jukwaani waliopima washangiliwe. Nimeona likifanywa kwa furaha kubwa. Mtu aliyepokea majibu mengine dakika kumi kabla yuko palepale anasikiliza makofi hayo. Na msipime kama hamna mtu wa kumpeleka kliniki siku hiyo au kesho yake asubuhi, kwa jina na namba ya simu, ili aanze dawa mapema.

*Shikamoo Mama. Nina miaka 15. Je, mtu asiye na VVU anaruhusiwa kuvaa utepe mwekundu? Rafiki yangu anasema nikivaa watu watadhani ninao.*

Marahaba mjukuu wangu. Unaruhusiwa, na ulitengenezwa kwa ajili yako pia. Utepe huo ulibuniwa New York mwaka 1991 na wasanii waliowapoteza wenzao, na kwa makusudi hawakuuwekea hakimiliki ili kila mtu aweze kuutengeneza. Unasema kwamba mvaaji yuko pamoja na wanaoishi na VVU. Hausemi lolote kuhusu damu yake. Mtu akikuuliza kama unao, huna wajibu wa kumjibu ndiyo wala hapana. Ukikimbilia kusema "hapana, mimi sina!" rafiki aliye karibu nawe ambaye anao atakusikia, kwa hiyo jibu tu kwamba umeuvaa kwa ajili ya watu unaowapenda.

Kata utepe wa sentimita 15, ukunje katikati ili ncha zipishane chini, ubane kwa pini upande wa kushoto kifuani. Kata na wa rafiki yako.